Kulilisha Tanuri Mpaka Saa Mbili

Tanuri la chupa halizimwi. Jambo hilo kiwandani alilijua kila mtu, hata mfagiaji aliyeajiriwa juzi. Sufuria ya chai ikipoa unairudisha jikoni, basi. Tanuri la chupa likipoa, kioo kilichomo tumboni kinagandamana na matofali, matofali yanapasuka, na unachobaki nacho ni jabali la tani sitini lisilomfaa mtu. Kulijenga upya ni sawa na kuanza kiwanda kingine, na siku hizi nani ana wazimu wa kuanzisha kiwanda katikati ya jiji? Kwa hiyo moto ule ulikuwa umewaka miaka kumi na mmoja bila kupumzika, sikukuu kwa misiba, na watu mia moja na arobaini walikuwa wanakula kwa sababu unawaka.

Mlinzi wa moto huo walimwita Joto. Jina la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mikono myepesi, na nyusi zilizoungua mara nyingi mpaka zikakata tamaa ya kuota. Alikuwa anachungulia kwenye kitundu cha tanuri, anaangalia rangi, anataja digrii, kisha anageukia kipimo cha ukutani kuona kama kipimo nacho kimepatia. Kwa kawaida kilikuwa kimepatia.

Asubuhi hiyo, saa moja kasoro, simu yake ililia. Aliyepiga alikuwa dereva wa gari la mafuta.

"Fundi, nimezuiwa huku."

"Huku wapi?"

"Kwenye kizuizi cha barabarani, pa kuingilia mjini. Tairi lilipasuka njiani, nikafika saa kumi na mbili na dakika ishirini. Wamenikatalia katakata. Malori makubwa mwisho saa kumi na mbili asubuhi, hayaingii tena mpaka saa mbili usiku."

"Umewaambia ni mafuta ya tanuri?"

"Nimewaambia, fundi. Mkubwa wao akaniuliza, kwani tanuri la mikate haliwezi kusubiri?"

Joto alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Halafu akainuka akaenda kupima tangi kwa ufito. Mafuta yaliyobaki yalikuwa ya kufika saa sita mchana. Ukibana, ukibana kweli kweli, saa saba. Kutoka hapo mpaka saa mbili usiku ni saa saba nzima, na tanuri lenye njaa halivumilii hata tatu.

Zamani hili lisingekuwa jambo la kumtoa mtu jasho. Kiwanda kilikuwa na tangi la akiba, mafuta ya wiki mbili. Tangi hilo lilipigwa marufuku yalipojengwa maghorofa ya kupangisha upande wa pili wa ukuta, kwa kuwa wakubwa wa zimamoto walisema mafuta mengi hivyo hayawezi kukaa jirani na makazi ya watu. Ni kweli hayawezi. Lakini jamani, nani alimfuata mwenzake? Kiwanda kilikuwa pale wakati pale ni majani na vyura. Nyumba zikakifuata, zikakizunguka, kisha zikakiuliza kinafanya nini hapa.

Na hakikuwa peke yake. Maghorofa yenyewe yalisimama kilipokuwa kiwanda cha mablanketi. Kiwanda cha sabuni kilikuwa sasa uwanja wa kuegesha magari, na cha misumari kimegeuka ukumbi wa harusi. Hakuna aliyefukuzwa kwa fimbo. Leo unaambiwa malori yako yanaleta msongamano, kesho moshi, keshokutwa kelele, mtondo maji yamepanda bei, na mtondogoo anakuja bwana mmoja mwenye viatu safi, anakwambia kiwanja chako tu, kitupu, kina thamani kuliko misumari yote utakayopiga mpaka unaingia kaburini. Wenye viwanda nao si malaika. Wanakwenda kununua shamba mbali huko, wanajenga upya, au hawajengi kabisa. Wafanyakazi wanabaki na ufundi wa kutengeneza kitu ambacho hakitengenezwi tena.

Joto alimpigia mwenye kiwanda. Walimwita Bosi Mdogo ingawa alikuwa na miaka arobaini na kitambi chake, kwa kuwa Bosi mwenyewe alikuwa baba yake, marehemu. Joto alimjua tangu ana meno ya utoto.

"Shikamoo, mzee," Bosi Mdogo alisema.

"Marahaba. Mafuta yamezuiwa, bosi. Tunaomba uwapigie hao watu wa barabara, tafadhali, unawajua."

Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu na vijiko kwenye vikombe.

"Niko kikaoni, mzee. Fanyeni mnavyoweza."

Simu ikakatika. Joto aliitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

Mama Kreti ndiye aliyesimama mlangoni wakati huo akisikiliza. Alikuwa mkuu wa wapakiaji, mjane, mama wa watoto watano, na mdomo wake ulikuwa kama kazi yake ya pili. Mumewe alikuwa msaidizi wa Joto mpaka siku aliyokufa, ndiyo maana yeye na Joto waliitana kaka na dada.

"Kaka, hili dude lako linakula nini?" aliuliza.

"Si unajua. Mafuta."

"Likikosa mafuta?"

Joto akafikiri. Nyuma ya tanuri kulikuwa na mlango mdogo wa chuma uliotumika mara moja tu, wakati tanuri likiwa jipya likipashwa kwa kuni taratibu. "Chochote kinachowaka," alisema. "Hatutafyatua chupa hata moja. Ila tukilishika juu ya digrii mia tisa mpaka gari lije, limepona. Likishuka chini ya mia tisa, tuchukue vitu vyetu."

"Basi si tulilishe," Mama Kreti alisema, akaanza kukunja mikono ya gauni.

Walibana mafuta mpaka saa saba na robo. Moto wa mafuta ulipokohoa ukakata, Joto alikuwa ameshaufungua ule mlango mdogo kwa nyundo na kuuwekea feni ya kuchochea moto, na wafanyakazi wamejipanga mstari kutoka ghalani, mtu na mwenzake, wakipitishiana mbao mkono kwa mkono. Zilianza chaga za kupangia kreti. Zikafuata rafu za ghala, mabenchi ya bwaloni, milango ya stoo. Walipoibeba meza ya meneja watu wakacheka sana, kwa kuwa meneja mwenyewe alikuwa ameshika mguu mmoja wa meza akihema kama wengine. Mama Kreti alimwambia hiyo ndiyo kazi ya kwanza kumwona akiifanya tangu ahamie pale, na meneja, maskini, akakubali.

Kipimo kilikuwa kimeanza juu ya elfu moja na mia nne. Saa nane kilisema elfu moja na mia moja. Saa nane na nusu, elfu moja na arobaini. Joto hakuondoka kitunduni. Rangi ilikuwa imetoka kwenye weupe ikaingia njano, na njano nayo ilikuwa inachakaa. Jasho lilimtiririka mpaka ndani ya viatu. Moyoni alikuwa anaomba kwa maneno ambayo hajayasema tangu mkewe yuko hospitali.

Saa tisa mbao zikaisha. Watu walipekua kila kona. Mtu alileta mifagio. Mwingine alileta ubao wa matangazo na matangazo yake, pamoja na lile lililosema usalama kwanza. Vyote vikaingia, vikawaka, na mshale ukaendelea kushuka, mia tisa na themanini, mia tisa na sabini.

"Kuna matairi," Mama Kreti alisema.

Nyuma ya karakana kulikuwa na mlima wa matairi ya malori, ya miaka na miaka, na kreti za plastiki zilizovunjika zimefika dirishani. Joto alikuwa ameyakumbuka matairi hayo tangu asubuhi. Alikuwa anayakwepa.

"Tairi lina moshi mbaya, dada."

"Mbaya kuliko nini?" Mama Kreti hakupandisha sauti. "Niambie, kaka. Mimi nina miaka arobaini na sita. Nikitoka hapa nani ananichukua? Wewe nani anakuchukua? Mbaya kuliko nini?"

Joto akaitikia kwa kichwa, na matairi yakaanza kuja yakibingirishwa uani.

Moshi ulitoka mweusi, mnene, ukapanda bomba la tanuri kisha ukajaa juu ya ukuta kwa kukosa upepo. Lakini mshale ulisimama. Watu wote walioweza kukiona kipimo walikikazia macho. Ukasimama, ukatetemeka, ukapanda. Mia tisa na themanini. Elfu moja. Elfu moja na ishirini. Joto aliutazama ule mlima wa matairi, akapiga hesabu kichwani, akarudia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi pumzi zilimshuka. Yalikuwa yanatosha. Yalikuwa yanatosha mpaka saa mbili na zaidi. Dereva akija atakuta tanuri zima, na keshokutwa chupa zitatoka. Aliwaambia hivyo, na mtu mmoja akaanzisha wimbo wa kazi, wengine wakaupokea wakibingirisha.

Saa kumi na dakika chache simu yake ililia tena. Alikuwa binti yake.

Kuna jambo Joto hakuwa amemwambia mtu pale kiwandani. Binti yake, mtoto wake pekee, alikuwa amepanga kwenye maghorofa yale yale, ghorofa ya nne, upande unaotazama kiwanda. Alikuwa karani wa bima, kasomeshwa kwa mshahara wa chupa tangu chekechea, na alichagua pale ili awe karibu na baba yake. Wapangaji walipoandika barua ya kulalamikia kiwanda, naye alisaini. Alikuja kumwambia mwenyewe, analia. Baba, wote wamesaini, ningefanyaje. Joto alimwambia hakuna neno, mama. Kazini, Mama Kreti na wenzake walipowatukana watu wa ghorofani, yeye alijifanya anachungulia kitundu.

"Baba," binti alisema kwenye simu. Neno moja, halafu mluzi wa kifua, halafu tena, "Baba."

Alikuwa na pumu tangu mdogo. Joto aliujua mluzi huo kama anavyoijua rangi ya moto, na huu hakuwahi kuusikia. Alimwachia msaidizi kitundu, akasema anarudi, akatoka mbio getini akiwa na ovaroli lake.

Lifti ya maghorofa ilikuwa imekufa. Ngazi zilikuwa zimekaa kama bomba, kila moshi uliofika chini ulikuwa unapanda nazo. Alipanda ghorofa nne akiwa amefunga fulana puani, macho yanamchuruzika, na alipofika mlango ulikuwa wazi. Aliwakuta bafuni, chumba pekee kisicho na dirisha upande ule. Binti alikaa sakafuni, mgongo ukutani, kitambaa chenye maji mdomoni. Chupa yake ndogo ya dawa ya kupuliza ilikuwa imelala pembeni, tupu. Pamoja naye alikuwa jirani wa ghorofa ya tano, mwanamke mdogo aliyewafunga mapacha wa miezi mitatu kwenye khanga mbili, mmoja kifuani, mmoja mgongoni. Mmoja alikuwa analia. Mwingine alikuwa hana nguvu za kulia, na huyo ndiye aliyemtisha Joto.

Jirani aliliona lile ovaroli.

"Mzee, wewe ni wa huko? Waambie waache. Watatuua."

"Ni baba yangu," binti alisema, na sentensi hiyo fupi ilimchukua pumzi tatu.

Joto alimbeba. Alikuwa mtu mzima, si mtoto tena, lakini alimbeba. Hawakumaliza ngazi za kwanza. Binti alianza kutapatapa, midomo ikambadilika rangi, na Joto akageuka akamrudisha mbio bafuni, akamkalisha, akafungua bomba, akamlowesha uso. Kumshusha kulikuwa kumuua njiani. Kumwacha pale na moshi ule kulikuwa kumuua taratibu, na wale mapacha, na yeyote mwingine aliyekuwa nyuma ya milango aliyoipita akisikia vikohozi.

"Nakuja, mama," alimwambia. "Vuta taratibu. Taratibu. Dakika kumi tu."

Aliporudi kiwandani wimbo ulikuwa bado unaimbwa. Mshale ulikuwa elfu moja na thelathini. Alipita katikati ya watu bila kumtazama mtu, akachungulia kitundu, muda mrefu, mrefu kuliko ilivyohitajika. Paa la tanuri lilikuwa zima. Kila tofali mahali pake, linang'aa. Alitamani angalau moja liwe limelegea.

Angesema ukweli, wangemwambia amtoe mwanawe, na wangekuwa na haki ya kusema hivyo. Wangesema twende tukusaidie kumbeba. Yangeanza mabishano, na mabishano yanakula dakika. Na tena wangejua ni mwanawe.

"Paa linaachia," alisema. Akageuka. "Toeni matairi. Zimeni feni. Limeanza kuachia, likianguka linaua mtu."

Wimbo ukafa. Mama Kreti alikuja mpaka mbele yake, masizi mpaka kwenye kope.

"Umeliona?"

"Nimeliona."

"Si umetuambia matairi yanatosha? Saa moja haijapita, kaka."

"Nimeliona, dada."

Alimtazama. Halafu mabega yakamshuka, kwa kuwa katika miaka yote hiyo hakuna mtu pale aliyewahi kumwona Joto akikosea jambo la moto. Watu wakaacha matairi yaliyokuwa mikononi mwao. Joto alichukua chuma kirefu, akayavuta yale yaliyokuwa ndani moja moja, yakamwagiwa mchanga, kisha akaufunga ule mlango mdogo yeye mwenyewe. Kitasa kilimshinda mara ya kwanza, akakirudia.

Alimtuma meneja kwenye duka la dawa akanunue ya kupuliza, bila kumwambia ni ya nani, akaipeleka ghorofani mwenyewe. Moshi ulianza kukatika. Saa kumi na moja na nusu binti aliweza kusema sentensi nzima, na yule pacha mnyamavu akapata nguvu akalia. Joto alimsikia analia, akaegemea ukuta wa ngazi, naye akalia, kwa furaha, na kwa aibu, na hakuweza kutenganisha kipi ni kipi.

Kisha akarudi kukaa na tanuri lake, kama mtu anavyokaa na mgonjwa. Mia tisa na hamsini. Mia tisa na ishirini. Likashuka chini ya mia tisa. Baada ya hapo matofali yakaanza kulia ndani, tak, kimya, tak, na kioo kikawa chekundu kizito, kikaacha kutikisika. Watu walikuwa wamekaa uani chini, kwa kuwa mabenchi walikuwa wameyachoma. Wengine walikuwa wanapigia nyumbani. Kijana mmoja aliyeoa mwezi uliopita alikuwa ameficha uso magotini.

Bosi Mdogo alifika saa kumi na mbili, jua likiwa halijazama. Aliteremka garini, akatazama rafu zilizokosekana, milango iliyokosekana, akaingia ndani. Joto alisimama kumpokea. Alikuwa ameshajiandaa kutukanwa, alitaka hasa kutukanwa.

Bosi Mdogo alichungulia kitundu. Akatoka nje, watu wote wakiwa wamesimama sasa, akamfuata Joto moja kwa moja, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Asante, mzee," alisema, na macho yalikuwa yamemlowa kweli. "Marehemu baba aliniapisha nisilizime. Wanunuzi wa kiwanja wananisubiri huu mwaka wa pili, leo tena nilikuwa nao. Nilikuwa siwezi. Kila nikija hapa nashindwa. Umenitua mzigo, mzee wangu. Asante sana." Akageukia meneja bila kumwachia Joto mkono. "Mpigie dereva, mwambie ageuze gari."

Mama Kreti alipita pembeni yao, akaingia ndani, akainama kwenye kitundu. Aliijua kazi ile, mumewe alimfundisha. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akatazama juu. Kisha akatoka, akasimama mbele ya Joto.

"Paa limesimama," alisema.

Joto aliyatazama masizi kwenye viatu vyake.

"Kaka. Bosi alikupa nini?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza polepole, kama mtu anayetaka kujua. Upande wa pili wa ukuta watu walikuwa wanafungua madirisha, moja baada ya jingine, na sauti ya mtoto ilisikika kwa mbali. Joto alifungua mdomo. Aliona jinsi watu mia moja na arobaini watakavyoinua macho kutafuta ghorofa ya nne.

"Hajanipa kitu," alisema.

"Haya," alisema Mama Kreti.

Alichukua pochi yake iliyokuwa imetundikwa kwenye msumari, akaipangusa masizi, akaelekea getini. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, wakipita hapo hapo alipokuwa amesimama, na hakuna aliyemuaga. Bosi Mdogo alikuwa bado hajamwachia mkono.